Chai ilikuwa imeshuka bei, mbona wakaimwaga baharini?

*Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni fundi wa mashua hapa Likoni. Binti yangu anasoma historia ya Marekani, na juzi usiku, umeme umekatika, aliniuliza swali likanishinda. Kitabu chake chasema Wamarekani walimkasirikia Mwingereza kwa sababu ya kodi, hadi mwaka 1773 wakamwaga shehena nzima ya chai baharini. Lakini hapo hapo kimeandikwa kwamba chai ile ilikuwa rahisi kuliko ya magendo, na ushuru wake ni peni tatu tu. Mtu na akili zake humwaga chai rahisi? Na vipi peni tatu zilete vita vya miaka minane?*
*— Baba wa binti, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Usione haya kwamba swali lilikushinda. Hata mimi lingenishinda lau nisingekaa forodhani. Miaka 31 nilishika kalamu katika afisi za kutoa mizigo, kwanza Bandari ya Kale na manahodha wa majahazi, kisha Kilindini kwenye meli kubwa. Historia ya Marekani niliisoma ukubwani, usiku usiku, na kila ukurasa nikikutana na mambo ya meza yangu: manifesti, ghala, muhuri, kibali cha kuondoka. Basi nitakujibu kikarani.

Chai iweke kando kidogo. Tuanze na asali ya miwa.

Wakati ule Marekani ilikuwa makoloni ya Mwingereza. Yale ya kaskazini, Massachusetts na Rhode Island hasa, yaliagiza asali ya miwa kutoka visiwa vya Karibi, wakaichachua na kuikeneka wapate pombe ya ramu. Sheria ya mwaka 1733 ilitoza peni sita kwa kila galoni ya asali iliyotoka visiwa visivyo vya Mwingereza. Ushuru ule ungelipwa kweli, biashara ingekufa. Kwa hiyo haukulipwa. Nahodha alimpa karani kitu kidogo, karani akaandika mapipa pungufu, mengine yakashushwa gizani. Ikaenda hivyo miaka 30, hata watu wakaona huo ndio utaratibu wenyewe.

Mwaka 1763 Uingereza ilimaliza vita vyake vya miaka saba na Mfaransa. Ilishinda, lakini ilitoka na deni la zaidi ya pauni milioni 120, karibu maradufu ya lile la kabla ya vita, na ikaamua kuweka askari kama 10,000 huko Marekani. London wakasema, hawa tuliowapigania nao wachangie. Neno hilo si baya, na sitaki binti yako adhani upande mmoja ulikuwa wa mashetani. Mwaka uliofuata, 1764, wakaupunguza ushuru wa asali kutoka peni sita hadi tatu. Waliupunguza, mwanangu! Ila safari hii walikusudia kuuchukua. Manowari ziliamriwa kukamata magendo. Nahodha alitakiwa awe na hati na dhamana kwa kila pipa. Akikamatwa, kesi yake yaweza kupelekwa mahakama ya bahari kule Halifax, safari ya siku nyingi, mbele ya hakimu mmoja asiye na juri, yaani raia wa kuamua kesi pamoja naye, na mwenye mali ndiye athibitishe kwamba hakukosa.

Hapo ndipo kitabu cha binti yako kilipopita mbio. Peni sita za karatasini hazikumuuma mtu miaka yote ile. Peni tatu za kweli ziliuma, kwa kuwa zilikuja na bunduki na mahakama ya mbali.

Nakumbuka jambo moja la ujanani mwangu. Mjane mmoja wa Mji wa Kale alikuwa na ghala la mchele na samli. Usiku mmoja watu walikuja na karatasi isiyotaja jina lake wala mtaa wake, wakapekua kila gunia, mchele ukamwagika hadi barazani. Hawakupata kitu, maana ushuru wote alikuwa amelipa, na stakabadhi nilimwandikia mimi. Asubuhi nilimkuta ameketi kizingitini, hachagui mchele wala haufagii. Aliniambia hasara ya mchele ameisamehe. Ila alitaka kujua ni nani aliyekata shauri kwamba nyumba yake yaweza kufunguliwa na yeyote. Sikuwa na jibu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Boston, mji mkuu wa Massachusetts, nako, mwaka 1761, wakili aitwaye James Otis alisimama mahakamani kupinga hati za namna hiyo hiyo, zilizowaruhusu watu wa forodha kuingia nyumba na ghala lolote bila kutaja wanalolitafuta. Kesi alishindwa. Nilifunga kitabu nikamkumbuka yule mama.

Baada ya asali ikaja stempu. Machi 1765 Bunge la London lilipitisha sheria kwamba tangu tarehe 1 Novemba kila karatasi yenye maana ipigwe chapa ya kulipiwa: gazeti, hati ya shamba, leseni, karatasi za meli, shahada ya chuo, hata karata za kuchezea. Sisi wa umri wangu twazikumbuka stempu za ushuru tulizozibandika kwenye stakabadhi, tukiziramba hadi ulimi ukakauka, na hatukuona ajabu. Ila tazama sheria ile iliwagusa akina nani: wachapaji, mawakili, wafanyabiashara na manahodha. Ukitaka kelele, watie hasira wenye magazeti na wenye ndimi. Agosti mwaka ule Boston walilitundika mtini sanamu la mtu aliyeteuliwa kugawa stempu, Andrew Oliver, na siku chache baadaye wakaibomoa nyumba ya makamu wa gavana, Thomas Hutchinson. Hilo la kubomoa nyumba ya mtu lilikuwa uovu, na kuna wapinzani wa stempu waliolilaani wao wenyewe. Oktoba makoloni tisa yalituma wajumbe New York, wakaandika kwamba kodi zao hutozwa na mabaraza waliyoyachagua, na katika Bunge la London hawana mtu.

Wa London waliwajibu kwamba hata Manchester na Birmingham hazina mbunge na zinalipa. Ni kweli zilikuwa hazina. Lakini jibu gani hilo? Jirani yako akinyimwa, hiyo si hoja ya kukunyima wewe.

Stempu zilifutwa Machi 1766, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uingereza wenyewe walilia biashara imekwama. Watu wakapiga kengele kwa furaha. Ila siku ile ile Bunge lilipitisha sheria nyingine, fupi, kwamba lina haki ya kuwatungia makoloni sheria katika kila jambo, lolote liwalo. Pesa zikarudishwa, mlango ukaachwa wazi. Mwaka 1767 wakaupitia tena: ushuru wa kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi, na chai peni tatu kwa ratili.

Mwambie binti yako akipige mstari hiki. Pesa za ushuru huo wa 1767 zilikusudiwa kulipia, pamoja na mengine, mishahara ya magavana na mahakimu wa makoloni. Zamani gavana aliletwa na Mfalme, lakini katika makoloni mengi mshahara wake ulitoka kwa baraza la wenyeji. Akiwadharau, walimchelewesha. Ndiyo hatamu pekee waliyokuwa nayo. Gavana akilipwa kwa chai wanayokunywa wao, bila kuwauliza, hana tena haja ya kuwasikiliza. Basi kila anayenunua ratili moja ya chai hulipa peni tatu za kukata hatamu yake mwenyewe. Unaona sasa kwa nini urahisi wa chai haukuwatuliza?

Tangu hapo mambo yote yalizunguka forodhani. Halmashauri mpya ya ushuru iliwekwa Boston. Juni 1768 walikamata meli ya mfanyabiashara John Hancock, iitwayo Liberty, katika ugomvi wa mvinyo wa Madeira, na umati ukawakimbiza maafisa hadi wakajificha ngome ya kisiwani. Oktoba askari wakateremka mjini. Usiku wa tarehe 5 Machi 1770 askari mmoja alikuwa zamu mbele ya jengo la forodha. Vijana walimtupia matusi na mabonge ya theluji, wenzake wakaja kumsaidia, bunduki zikalia, na watu watano wakafa. Mmoja wao alikuwa baharia, Crispus Attucks, mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Siku hiyo hiyo, London, waziri mkuu Lord North alikuwa akiliomba Bunge lifute ushuru wote wa 1767. Wote isipokuwa wa chai. Ule waliuacha makusudi, kushikilia haki ya kutoza.

Kuhusu Attucks niseme kidogo, kwa sababu sisi watu wa pwani ya Afrika tusisome habari hizi kwa jicho moja. Wakati ule kama mtu mmoja kati ya kila watano katika makoloni yale alikuwa mtumwa mweusi. Wengi wa waliopiga kelele za uhuru walikuwa na watumwa majumbani, na uhuru ulipopatikana hawakuwafungua. Mji wetu nao una historia yake ya utumwa, kwa hiyo sisemi haya kwa kumnyooshea mtu kidole. Nasema ili binti yako ajue madai yanaweza kuwa ya haki na mdai bado akawa na deni.

Sasa tuifikie chai.

Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikuwa taabani, maghala yake London yamejaa mamilioni ya ratili za chai isiyonunuliwa. Mei 1773 Bunge liliiruhusu iipeleke Marekani moja kwa moja kwa mawakala wake iliowachagua, ikisamehewa ushuru wa Uingereza. Bei ikashuka chini ya ile ya magendo ya Mholanzi. Zikabaki zile peni tatu. Wafanyabiashara wa Boston waliona mawili kwa pamoja: wamerukwa katika biashara, na wanavutwa kwa bei nzuri wakubali kodi waliyoikataa. Tena miongoni mwa mawakala walikuwamo watoto wawili wa Hutchinson, ambaye sasa ndiye gavana.

Meli ya kwanza, Dartmouth, iliingia mwisho wa Novemba. Zikafuata Eleanor na Beaver. Hapa nasoma kwa macho ya kazi yangu. Sheria ilisema meli ikishaingia bandarini, ushuru ulipwe ndani ya siku 20, la sivyo forodha ichukue mzigo. Wenyeji walitaka meli zirudi na chai yake, kama zilivyorudishwa baadaye zile za Philadelphia na New York. Lakini meli haitoki bila kibali, na forodha haikutoa kibali kwa mzigo usiolipiwa. Mwenye Dartmouth alitumwa kwa gavana kuomba ruhusa ya kupita ngome. Gavana akakataa. Mzigo haushuki, meli haiondoki, na siku ya ishirini ni kesho. Nimewahi kukaa na nahodha katika mkwamo wa namna hiyo, jua linatua, na najua jasho lake linavyonuka.

Jioni ya tarehe 16 Desemba 1773, maelfu ya watu wakiwa wamekusanyika mkutanoni, jibu la gavana lilifika. Usiku ule wanaume waliojipaka masizi na kujifanya Wahindi Wekundu walipanda meli zote tatu, wakapasua makasha 342 na kumwaga chai yenye thamani ya zaidi ya pauni 9,000. Hawakugusa kingine. Yasimuliwa kufuli moja lilivunjwa, na kesho yake mwenyewe akaletewa jipya.

Kwa hiyo, mwanangu, hawakuwa wakikataa chai rahisi. Siku ya 21 forodha ingeichukua, ingeuzwa, peni tatu zingelipwa, na hoja ya miaka tisa ingekwisha kimyakimya dukani.

Vita bado havikuwa lazima. Kilichovileta, kwa maoni yangu, ni adhabu. Bunge liliifunga bandari ya Boston kuanzia tarehe 1 Juni 1774, hadi chai ilipwe. Wewe wa Likoni nieleze: Kilindini ifungwe, meli hata moja isiingie. Kuli ale nini? Mchukuzi, mama ntilie wa langoni, fundi wa mashua? Waliomwaga chai walikuwa watu mia hivi, na njaa ikapelekwa kwa mji mzima. Baraza la Massachusetts nalo likanyang'anywa sehemu kubwa ya madaraka yake. Makoloni ambayo hayakuwahi kuupenda mji wa Boston yalituma mchele, nafaka na kondoo. Serikali ilihamishiwa Salem, mji jirani wenye bandari yake, na wafanyabiashara wa huko, ambao wangetajirika, walimwandikia gavana mpya kwamba hawataki utajiri wa msiba wa wenzao. Kila nikifika hapo husimama kidogo.

Septemba makoloni 12 yalikutana Philadelphia. Tarehe 19 Aprili 1775 askari kama 700 walitoka Boston kwenda Concord kutafuta silaha zilizofichwa, na njiani, Lexington, wenyeji wanane waliuawa. Yaliyofuata hadi 1783 binti yako anayo kitabuni.

*Mzee, nimesoma zamani ukitaja Salem. Mimi ni mshonaji, Mtaa wa Biashara. Je, ni kweli merikani tunayoshonea shuka za mayatima na sanda ilitoka huko?*
*— Fundi cherehani*

Kweli, bibie. Baada ya kupata uhuru wao, mabaharia wa Salem walizunguka dunia bila kuomba kibali London, na kufikia miaka ya 1830 walikuwa wateja wakubwa wa Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said aliwekeana na Marekani mkataba wa biashara. Walichukua pembe, ngozi na sandarusi, wakaleta nguo ya pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyofumwa viwandani mwa Massachusetts. Watu wakaiita kwa jina la kwao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na nguo za mataifa mengine zikashika nafasi. Jina likabaki mdomoni mwetu hadi leo.

*Shikamoo mzee. Huku Kaloleni tumelelewa kwa habari za Mekatilili, mama wa Kigiriama aliyempinga Mwingereza. Vita vyake navyo si vya kodi? Mbona Wamarekani walishinda, na sisi tukatozwa faini?*
*— Mjukuu wa Kaya*

Marahaba, mjukuu wangu. Kodi ilikuwamo, ila haikuwa kodi ya namna moja, na hilo ni la kushika.

Boston, Mwingereza alitaka pesa. Kwenu alitaka zaidi mikono. Kodi ya nyumba iliwekwa katika himaya hii mwaka 1901, ilipwe kwa rupia. Mgiriama alikuwa na mahindi, mbuzi na tembo la mnazi. Akiuza mahindi yake vizuri, alilipa kodi na kubaki shambani kwake, nao wenye mashamba makubwa ya pwani wakakosa vibarua. Mwaka 1912 serikali ikamweka afisa kwenu, Arthur Champion, akusanye kodi na atoe vijana wa kazi. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa makamo asiye na cheo, alizunguka vijiji akiuliza watoto wanapelekwa wapi. Katika kaya, mahali patakatifu pa Wagiriama msituni, viapo viwili viliapwa mwaka 1913, mukushekushe wa wanawake na fisi wa wanaume, kwamba asiwepo wa kumtumikia mzungu. Tazama, hakuna aliyepigana bado. Walikataa tu, kama Boston walivyokataa stempu.

Yeye na Wanje wa Mwadorikola walipelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile Uingereza inaingia vitani na Mjerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Hapo ndipo mishale ilipotoka.

Umeuliza kwa nini wale walishinda. Wao walikuwa na mabaraza yao yaliyokuwa yakikusanya kodi kwa zaidi ya miaka mia, magazeti yao, bunduki majumbani, na tangu 1778 walikuwa na Mfaransa pamoja na manowari zake. Tena London wengi waliwaona kama ndugu waliokosana nao, na wabunge wengine wakawatetea waziwazi. Wagiriama walikuwa na uta, na hapakuwa na Mfaransa. Faini waliyotozwa ilikuwa rupia 100,000, pamoja na kutoa vijana 1,000 wa kubeba mizigo ya vita vya watu wengine, na waliokuwa ng'ambo ya mto Sabaki waliamriwa wahame. Ulinganishe na Boston ukitaka: kule walidaiwa bei ya chai waliyoimwaga, huku watu walidaiwa bei ya kukataa.

Wewe uko karibu, mjukuu wangu. Kaya Fungo ipo bado na msitu wake. Waombe ruhusa wazee kwanza, kisha uende ukapaone palipolipuliwa, halafu uniandikie ulichoambiwa huko.